Redio ya Philips: Kutoka kiwanda cha taa hadi mgongoni mwa mkimbizi

WENZANGU mliokulia Mishamo, Katumba au Ulyankulu mtakumbuka kwamba kila kijiji kilikuwa na nyumba moja ambayo ikikaribia saa mbili usiku ua wake ulijaa watu. Haikuwa lazima iwe nyumba ya tajiri. Ilikuwa nyumba yenye redio.

Katika kijiji chetu huko Mishamo nyumba hiyo ilikuwa ya babu yangu. Redio yake ilikuwa Philips ndogo ya kubeba mkononi, aliyoinunua Bujumbura miaka ya mwanzo ya uhuru wa Burundi, uliopatikana mwaka 1962. Mwaka 1972 alipokimbia kutoka Nyanza-Lac na familia yake aliacha nyumba, shamba la michikichi na mbuzi. Redio aliifunga ndani ya kitenge cha bibi, akaibeba mgongoni mpaka Kigoma.

Babu alifariki Mishamo mwaka 2003. Mimi nilirejea Burundi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wakimbizi wa 1972, na katika mizigo yangu kwenye lori redio ile ilikuwemo. Imekaa kabatini miaka yote hii, haisemi.

Siku moja mfanyabiashara mmoja anayepita mara kwa mara kwenye mpaka wa Mugina na Manyovu aliiona, akaniambia: "Mwalimu, niuzie hicho kikopo, nitakupa bei ya kilo mbili za sukari." Sikumjibu. Niliigeuza nyuma na kusoma kibandiko chake. Namba ya aina yake ilianza na herufi L na kuishia na herufi T.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa redio hapa Nyanza-Lac. Aliitazama tu kibandiko kabla hata ya kuifungua. "L ni ya kubeba," alisema. "T ni transista. Zamani zilikuwa za A, halafu U, halafu B. Ukijua herufi ya mwisho umejua redio ilitengenezwa kwa ajili ya nani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute habari za redio hizi. Makala haya yanaeleza nilichokipata, kwa faida ya wote waliowahi kukaa uani wakisubiri taarifa ya habari.

Taa iliyofundishwa kusikia

Kampuni ya Philips haikuanza na redio. Ilianza mwaka 1891 katika mji wa Eindhoven, Uholanzi, pale Gerard Philips, aliyekuwa mhandisi, na baba yake Frederik walipofungua kiwanda cha taa za umeme. Mwaka 1895 mdogo wake Gerard, Anton, aliingia kazini. Gerard alijua kutengeneza, Anton alijua kuuza, na biashara ikakua.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 Uholanzi haikuingia vitani, lakini bidhaa kutoka nje zikawa shida kupatikana. Philips ikaamua kujitegemea, na mwaka 1916 ikawa na kiwanda chake cha vioo. Tayari ilikuwa na maabara ya utafiti tangu mwaka 1914, chini ya mwanafizikia Gilles Holst.

Mambo hayo mawili, kioo na maabara, ndiyo yaliyoifungulia kampuni mlango wa redio. Redio za wakati ule zilitumia valvu, na valvu ni ndugu wa taa ya umeme. Zote mbili ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye uzi mwembamba unaopata moto. Tofauti ni kwamba ndani ya valvu kuna kibati na wavu mdogo wa waya. Uzi ukipata moto, umeme huvuka kwenda kwenye kibati, na wavu huo unauzuia au kuupitisha kama mlango. Mawimbi dhaifu ya redio yakiugusa wavu, umeme mkubwa zaidi huyafuata, na sauti iliyokuwa haisikiki inaanza kusikika.

Mwaka 1918 mhandisi Mholanzi aliyeitwa Hanso Idzerda alishirikiana na Philips, ikamtengenezea valvu. Tarehe 6 Novemba 1919, kutoka nyumbani kwake The Hague, Idzerda alirusha hewani muziki aliokuwa ameutangaza gazetini siku moja kabla, ili yeyote mwenye chombo asikilize. Matangazo yake yanahesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kwa watu wa kawaida.

Redio ya mwenye ujuzi na subira

Lakini "watu wa kawaida" hao walikuwa wachache. Miaka ya mwanzo ya 1920 Philips iliuza valvu tu, haikuuza redio nzima. Aliyetaka kusikiliza alijiundia mwenyewe, au alitafuta fundi wa kumuundia.

Hebu msomaji ukione chombo chenyewe. Juu ya meza kuna ubao wenye nyaya zilizozungushwa, valvu zikiwa wazi zinawaka. Chini ya meza kuna betri ya maji, kama ya gari, ya kuwasha nyuzi za valvu, na pembeni betri kavu kubwa ya volti nyingi ya kusukuma umeme ndani ya valvu. Tindikali ya betri ya maji ikimwagika inakula zulia. Ikiisha nguvu inabidi ibebwe hadi karakana ikachajiwe, jambo ambalo wafanyabiashara wetu wanaopanga foleni ya kuchaji simu kwenye sola ya senta hawahitaji kuelezwa. Na baada ya taabu hiyo yote sauti ilitoka kwenye vidude vya kuvaa masikioni. Anayesikiliza ni mmoja, wengine nyumbani wanamtazama uso wajue kama habari ni njema au mbaya.

Kazi ya Philips katika miaka kumi iliyofuata ilikuwa kuviondoa vikwazo hivyo kimoja kimoja. Katikati ya miaka ya 1920 ilianza kuuza vifaa vya kuchaji betri hizo nyumbani, kisha vifaa vya kuchukua umeme ukutani badala ya betri kavu. Mwaka 1926 mtaalamu wa maabara yake, Bernard Tellegen, alivumbua valvu iliyoitwa pentodi, iliyoweza kuendesha spika kwa nguvu ya kutosha bila kuhitaji msururu wa valvu. Sasa chumba kizima kingeweza kusikia.

Mwaka 1927

Mwaka 1927 Philips ilifanya mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, hayatenganishiki.

La kwanza, ilitoa redio yake ya kwanza iliyo kamili, aina ya 2501, ambayo mtu aliweza kuinunua dukani bila kujua chochote kuhusu nyaya. Spika yake, namba 2003, ilikuja peke yake, ya mviringo kama sahani iliyosimamishwa. Chombo cha fundi kikawa kimeanza kuwa samani ya nyumbani.

La pili, kampuni ilijenga kituo cha masafa mafupi hapo Eindhoven, kilichotambulika kwa herufi PCJJ. Kilianza majaribio Machi 1927. Masafa mafupi yana tabia ya kuruka juu, kugonga tabaka la anga na kurudi ardhini mbali sana, hata ng'ambo ya bahari. Katikati ya mwaka huohuo Malkia Wilhelmina na binti yake Juliana walizungumza kupitia mtambo huo na Waholanzi waliokuwa katika makoloni, yakiwemo yale ambayo leo ni Indonesia.

Tuseme ukweli: hotuba ile haikuwa kwa ajili ya wenyeji wa Java. Ilikuwa ya wakoloni kwa wakoloni. Hata hivyo, kampuni ilikuwa imegundua jambo ambalo mkimbizi yeyote angeweza kuiambia bure, kwamba mtu aliye mbali na kwao atatoa fedha yake ya mwisho apate kusikia sauti ya kwao. Mtambo uliuza redio, na redio zikaupa mtambo wasikilizaji.

Biashara ilipaa. Kufikia mwaka 1932 Philips ilikuwa imeuza redio milioni moja, na mwaka uliofuata ilitengeneza valvu yake ya milioni mia moja. Redio zenyewe zilibadilika haraka. Mwaka 1931 ilitoka aina ya 930A, ambayo spika ilikuwa imeingizwa ndani ya sanduku moja na redio, mbele ikiwa na kitambaa chenye alama za nyota. Masanduku mengine yalitengenezwa kwa plastiki ngumu ya kampuni yenyewe, iliyoitwa Philite. Kioo cha mbele, ambacho mwanzo kilikuwa na namba tupu, kikaandikwa majina ya miji, na msikilizaji akasogeza mshale hadi kwenye mji anaoutaka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 zikaja redio zenye kidude kimoja tu cha kuendeshea stesheni na sauti. Ujuzi uliotakiwa ulibaki kuwa wa kuzungusha mkono.

Herufi na watu wake

Sasa turudi kwenye herufi za yule fundi. Redio ya 930A ina A kwa sababu ilitumia umeme wa mkondo geu, huu tulionao leo ukutani. A ilikuwa redio ya mtu wa mjini mwenye umeme.

Lakini hata mijini umeme haukuwa wa aina moja. Mitaa mingine ilikuwa na umeme wa mkondo mmoja, na redio ya A ukiichomeka huko iliungua. Ndipo ikaja U, redio iliyokubali umeme wa aina zote mbili.

Kisha B, ya betri, kwa mashamba na vijiji visivyo na nguzo za umeme. Ilikuwepo pia V, iliyotumia betri ya maji kama ya gari kwa msaada wa kidude kinachotetemeka ndani kupandisha volti.

Ukizipanga herufi hizo unaona kila moja inamjibu mtu aliyekuwa ameachwa nje na iliyotangulia. Hata hivyo valvu ilibaki kuwa valvu: lazima uzi upate moto kwanza, na moto unakula betri. B ilikuwa ya mwenye shamba kubwa. Ya mpalizi ilikuwa bado.

Tatizo hilo halikuwa la Philips peke yake. Jirani zetu wa Zambia, wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, wanaikumbuka redio sufuria ya mwaka 1949. Ofisa wa habari wa Lusaka, Harry Franklin, alihangaika kutafuta kiwanda cha kumtengenezea redio ya Mwafrika wa kipato cha chini, mpaka kampuni ya betri ya Uingereza, Ever Ready, ilipokubali. Ilikuwa na valvu nne ndani ya kopo la rangi ya buluu lenye umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake, iliyodumu takribani saa 300, iliuzwa peke yake kwa pauni moja na shilingi tano. Watu waliigombea. Lakini betri ile kwa kibarua ilikuwa gharama kubwa, na ikiisha redio inakuwa pambo.

Wanapokuja kuchukua redio

Kabla ya kufika kwenye T inafaa tujue yaliyowapata Waholanzi wenyewe. Mei 1940 Ujerumani iliivamia nchi yao. Serikali yao ilikimbilia London, na kuanzia Julai 1940 ikawa inazungumza na wananchi kupitia Radio Oranje, kwa mitambo ya BBC. Waliotawala waliona hatari yake. Mei 1943 waliamuru raia wasalimishe redio zao zote.

Yaani taifa lililoingiza redio katika nyumba za dunia lilipigwa marufuku kusikiliza. Kiwanda cha Eindhoven kilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Desemba 1942 ndege za Uingereza zilikishambulia kwa mabomu. Wengi hawakutii amri ile. Walisalimisha redio mbovu na kuificha nzima chini ya sakafu au nyuma ya kabati, wakasikiliza usiku kwa sauti ya chini hadi Eindhoven ilipokombolewa Septemba 1944.

Na kule Indonesia, ambako Malkia alizungumza na wakoloni mwaka 1927, Wajapani walioiteka nchi walizifunga redio kwa lakiri ili zisipokee stesheni za nje. Mpigania uhuru Sutan Sjahrir alikuwa na redio isiyofungwa. Kwa siri hiyo alijua mapema, Agosti 1945, kwamba Japani imesalimu amri, akawahimiza wenzake watangaze uhuru. Ulitangazwa Agosti 17, 1945. Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya watawala ilikuwa imemhudumia mtawaliwa.

Nina sababu ya kueleza hayo. Anayekuja kuchukua redio yako anajua thamani yake kuliko wewe unayeiacha kabatini.

T ya babu

Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947. Inafanya kazi ya valvu, lakini haina uzi wa kupata moto, na ni ndogo kama punje ya hindi. Philips ilianza kuzitengeneza miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka hiyo ilikuwa ikiuza redio za kubeba zilizotumia transista tupu. Zilitumia betri ndogo kavu, na zilidumu.

Hapo ndipo redio ilipomfikia babu yangu. Haikuhitaji nguzo, karakana wala tindikali. Ilihitaji mawe ya redio, kama tulivyoziita betri, na mawe yakichoka tuliyaanika juani mchana kutwa ili yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari.

Juni 1, 1993 Burundi ilifanya uchaguzi na Melchior Ndadaye akachaguliwa kuwa rais. Aliapishwa Julai 10. Mishamo watu walianza kufunga virago. Babu aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na akagawa jembe lake moja kwa jirani aliyekuwa anabaki. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilishawaaga wenzangu.

Oktoba 21, 1993 Ndadaye aliuawa na wanajeshi. Uani kwetu watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Babu alizungusha kile kidude kutoka Radio Tanzania hadi BBC hadi Sauti ya Ujerumani, kana kwamba stesheni moja ingeweza kusema tofauti. Zote zilisema jambo moja. Alipoizima hakuna aliyeinuka. Baadaye bibi alianza kufungua mizigo, taratibu, sufuria moja moja.

Sisi tuliozaliwa ukimbizini siku ile tuliichukia redio. Leo ninapohesabu umri wa watoto wangu naiona kwa jicho jingine. Kama sauti ile isingetufikia tungepanda gari na kuingia wenyewe katika vita iliyodumu zaidi ya miaka kumi.

Sisemi kwamba redio ni malaika. Nchini Rwanda, mwaka 1994, RTLM ilitumia chombo hikihiki kuchochea watu wawaue majirani zao. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, yaliyosaidia waliopotezana kutafutana. Redio ni sikio tu, la muhimu ni nani anasema, na kama msikilizaji ana stesheni ya pili ya kulinganisha. Babu alizungusha kidude. Huo ndio ufundi alionirithisha, nami nawafundisha wanafunzi wangu.

Kwa wauzaji na wanunuzi

Philips ya leo si ile ya 2501. Mwaka 2014 iliikabidhi biashara yake ya redio na vyombo vya muziki kwa kampuni nyingine, na jina linaloonekana kwenye vyombo hivyo sasa linatumika kwa leseni. Idhaa ya kimataifa ya Uholanzi, mrithi wa PCJJ, iliacha kutangaza kwa masafa mafupi mwaka 2012. Kwa hiyo mfanyabiashara anayevuka na mzigo kutoka Kigoma akague chombo chenyewe, asiuze jina tupu.

Kwa aliye na redio ya zamani nyumbani, fundi wangu ameniomba niandike haya. Soma herufi ya mwisho kwenye kibandiko kabla ya kuichomeka popote. Ikiwa ni U, usiifungue ikiwa kwenye umeme, kwa maana bati la ndani linaweza kuwa na umeme wa ukutani na kuua. Ikiwa ni ya betri, toa mawe kabla ya kuihifadhi, kwani yakivuja yanakula vyuma vya ndani.

Kosa hilo la mwisho ni langu. Niliyaacha mawe ndani tangu mwaka 2008, na fundi alitumia siku mbili kukwangua kutu. Kisha aliweka mapya, akawasha. Ilikoroma, ikapiga mluzi, na katika masafa mafupi ikashika sauti ya mtu, mbali, kwa lugha ambayo sote wawili hatukuijua. Fundi alicheka. Alisema kazi yangu sasa ni kuzungusha.

Yule mfanyabiashara wa Mugina akisoma makala haya, ajue kwamba jibu lake ni hapana.